Injini isiyo na stakabadhi: Mzigo ambao humwangukia mnunuzi wa mwisho

GARI lilikuwa safi machoni pa kila aliyelitazama. Rangi haikuwa na mkwaruzo, viti vilikuwa vimeshonwa upya na injini iliitika ufunguo ulipozungushwa mara moja tu.

Mwalimu mstaafu, jirani yake mwandishi huyu, alilinunua kwa sehemu ya malipo yake ya uzeeni. Uhamishaji wa umiliki ulifanywa kwa njia ya mtandao, jina lake likaingia kwenye cheti, naye akalipeleka gari nyumbani akiwa na hakika kwamba shughuli imekwisha.

Wiki chache baadaye alitaka bima kamili. Kampuni ya bima ikamtuma kwa mthamini ili thamani ya gari ikadiriwe. Mthamini alifungua boneti, akapangusa mafuta kwenye bloku ya injini, akamulika kwa tochi na kusoma nambari iliyochapwa hapo. Kisha akaitazama logibuku. Nambari hizo mbili hazikufanana hata kidogo.

Na si nambari tu. Cheti kilisema gari lina injini ya cc 1998. Iliyokuwa chini ya boneti ilikuwa ya cc 1794.

Aliyemuuzia, alipopigiwa simu, alijibu kwa utulivu kwamba hata yeye alilinunua likiwa hivyo.

Jibu hilo ndilo lililomfanya mwandishi huyu kuketi na kulidadisi suala hili, kwani aghalabu huwa ni jibu la kweli. Injini ilibadilishwa na mtu wa kwanza, wa pili akanunua bila kutazama, wa tatu akatazama na kunyamaza, na wa nne ndiye anayetakiwa kutoa maelezo.

Ni vyema kusema mapema kwamba kubadilisha injini si hatia. Mwenye gari ana uhuru wa kung'oa injini iliyochakaa na kutia nyingine, na hufanya hivyo kila siku humu nchini. Kosa limo katika kuifanya kazi hiyo na kisha kuiacha rejista ya serikali ikisimulia habari za injini ambayo huenda ilikwisha kuuzwa zamani kama chuma chakavu.

Sababu za kubadilisha ni nyingi, tena za busara. Mtu akiendesha gari lenye rejeta inayovuja hadi injini ichemke, silinda hedi hupinda au kupasuka. Makanika humwambia achague moja: kupiga ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kununua pistoni, ringi, beringi na gasketi mpya, au kutafuta injini nzima iliyotumika ng'ambo. Mara nyingi njia hii ya pili huwa nafuu, na gari hurudi barabarani baada ya siku mbili badala ya majuma mawili. Kwa mwenye teksi au matatu ambaye kila siku ya kulaza gari ni hasara, hakuna la kufikiria zaidi.

Ipo pia hofu. Wenye magari wanakumbuka jinsi injini za Toyota za aina ya D-4, zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilivyopata sifa mbaya nchini. Zilibuniwa kwa petroli safi na matengenezo ya makini. Zilipofika mikononi mwa makanika waliozoea mitambo ya zamani zikawashinda, na jina D-4 likawa la kuwatishia wanunuzi. Injini za GDI za kampuni ya Mitsubishi nazo zilipatwa na masaibu kama hayo. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya wenye Premio na Wish za cc 1998 walizing'oa injini hizo na kutia zile za kawaida ambazo kila makanika anazifahamu.

Gari la mwalimu wetu lilikuwa mojawapo. Kibati chake kilitaja injini ya 1AZ-FSE, ambayo ni D-4, ilhali iliyokuwemo ilikuwa 1ZZ-FE, ile ya Premio ndogo. Bila shaka aliyeibadilisha alidhani anamfanyia hisani kila atakayelimiliki gari baada yake. Kwa upande wa ufundi huenda hakukosea.

Mabadiliko mengine huelekea upande wa pili. Mwenye Probox ya injini ya 2NZ, ambayo ni ya cc 1298, akichoka kupandwa mlima na wenzake huitafuta 1NZ ya cc 1496. Wapo wenye Land Rover kuukuu waliotia injini za dizeli za Isuzu au Toyota, na husifu uamuzi huo mbele ya kila anayetaka kuwasikiliza.

Injini hizi hutoka wapi? Anayeshuka barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hadi Grogan ataziona zimepangwa vibarazani kama magunia ya viazi, baadhi zikiwa zingali na giaboksi na nyaya zake. Nyingi hufika kupitia bandari ya Mombasa, ama zikiwa peke yake ama zikiwa ndani ya sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa, ile ambayo wafanyabiashara huiita nosikati. Ni biashara halali, hulipiwa ushuru, na bila hiyo nusu ya magari ya nchi hii yangekuwa yamesimama juu ya mawe.

Tatizo ni karatasi. Shehena moja ya injini huingia nchini kwa hati moja ya forodha, na hati hiyo hubaki kwa mwagizaji. Muuzaji wa duka hununua kadhaa kutoka kwake, makanika hununua moja kutoka dukani, na mwenye gari hupewa stakabadhi ndogo iliyoandikwa kwa kalamu: injini moja, bei yake, mhuri. Mara nyingi nambari ya injini haimo. Karatasi hiyo hukaa kwenye kisanduku cha gari hadi maandishi yafifie, kisha hutupwa pamoja na tikiti za maegesho.

Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha tofauti baina ya injini iliyosafiri kutoka Yokohama na ile iliyofunguliwa kutoka kwenye gari lililoporwa usiku wa kuamkia jana. Zote mbili ni chuma, zote zina mafuta, zote zina nambari ambayo haipatikani kwenye cheti cha gari lililozibeba.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Nchini Japani, ambako magari mengi ya mitumba tunayoyaendesha hutoka, usajili hufuata nambari ya chesisi. Kuhusu injini, hati ya kusafirishia gari nje hutaja aina tu, kwa mfano 1NZ, wala haitaji nambari ya injini moja moja. Mjapani akitia injini nyingine ya aina ile ile, hati zake hazibadiliki hata herufi moja.

Kenya imechagua njia nyingine. Cheti chetu hubeba nambari ya chesisi na nambari ya injini kwa pamoja, kana kwamba ni jina na ubini wa mtu mmoja. Maadamu hati ya Japani haina nambari hiyo, ni lazima mtu aisome kwenye bloku yenyewe ndipo iandikwe. Na pale ambapo binadamu husoma nambari iliyofunikwa na masizi na kuinakili kwa mkono, makosa hayakosi: sufuri huwa herufi O, 8 huwa 3, tarakimu moja husahaulika.

Kwa hivyo, si kila nambari inayotofautiana na cheti ni dalili ya wizi, wala si kila moja ni dalili ya injini kubadilishwa. Tarakimu moja ikikosewa na nyingine zote zikilingana, yamkini ni kosa la karani, na hurekebishwa. Nambari ikiwa tofauti kabisa, injini ni nyingine. Nambari ikiwa imesagwa, imechomelewa au imechapwa upya kwa tarakimu zisizosimama katika mstari mmoja, mnunuzi asiulize swali lolote. Na aondoke. Wapelelezi wana kemikali za kuifichua nambari iliyofutwa kwenye chuma, na mwenye kulimiliki gari siku hiyo ndiye atakayekuwa amesimama kando yake.

Sheria yenyewe haina utata mkubwa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mwenye gari amwarifu msajili panapotokea jambo linaloyafanya maelezo ya rejista kuwa si sahihi. Zamani kazi ya usajili ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA. Baada ya sheria ya 2012 kuunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, kazi hiyo ilihamia huko, na tangu 2023 huduma zake hupatikana kupitia eCitizen.

Mwenye gari anayetaka injini mpya itambuliwe huhitajika kuonyesha ilikotoka na kulipeleka gari likaguliwe. Ikiwa injini ilitoka ng'ambo, ithibati ni stakabadhi ya ununuzi pamoja na nakala ya hati za forodha. Ikiwa ilitoka kwenye gari jingine la humu nchini, ni karatasi za gari hilo na mapatano na mwenyewe. Kisha maelezo hubadilishwa na cheti kipya hutolewa.

Kwa maneno hayo machache utaratibu huonekana mwepesi. Aliyeujaribu anajua kwamba kipingamizi ni hiyo nakala ya hati za forodha. Mwenye duka hana, kwa kuwa mwagizaji hakumpa, na mwagizaji hana haja ya kumtafuta mtu aliyenunua injini moja miezi minane iliyopita. Basi mwenye gari hutazama huku na huko, hukuta gari linakwenda vizuri, na husema atashughulikia siku nyingine. Siku hiyo haiji. Inayokuja ni siku ya kuliuza.

Na anapoliuza, mfumo humsaidia kunyamaza. Uhamishaji wa umiliki siku hizi ni shughuli ya watu wawili na simu mbili. Muuzaji huanzisha ombi, mnunuzi hulikubali, ada hulipwa na jina hubadilika. Ni hatua ya maendeleo kwa yeyote anayekumbuka foleni za zamani. Lakini katika shughuli hiyo yote hakuna anayehitajika kufungua boneti. Rejista huhamisha maelezo iliyonayo kutoka kwa jina moja hadi jingine, na uongo uliokuwemo huhama nayo, sasa ukiwa umepata mhuri mpya.

Hapo ndipo mnunuzi hukosea. Hudhani kwamba serikali, kwa kumwandika kuwa mwenye gari, imethibitisha gari lenyewe. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki husema tu kwamba aliyeandikishwa huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi kinyume kithibitishwe. Hakisemi lolote kuhusu kilicho ndani ya boneti.

Je, mnunuzi hupoteza nini hasa? Madereva wengi watakwambia kwamba wameendesha magari ya namna hiyo miaka kumi na hawajaulizwa kitu. Ni kweli. Askari wa kizuizi cha barabarani hutazama leseni, stika ya bima na magurudumu. Ni nadra kuitisha tochi ili asome bloku. Injini isiyosajiliwa yaweza kukaa kimya miaka mingi.

Huamka siku gari linapohitajika kuwa mali. Mwenyewe anataka mkopo wa benki au chama cha akiba na mikopo kwa dhamana ya gari, na mthamini anaandika kwamba maelezo hayalingani. Anataka bima kamili, na kampuni inasita. Anataka kuliuza, na mnunuzi mwerevu anakata bei au anaondoka. Gari ambalo lingemfaa siku ya shida, mtoto akiitwa chuoni au mgonjwa akilazwa, linageuka kuwa chombo cha kumpeleka sokoni tu.

Upande wa bima unahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwani umezungukwa na uvumi. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili: anayeomba hutakiwa kueleza kila jambo ambalo lingeathiri uamuzi wa kampuni. Injini yenye ujazo au nguvu tofauti na iliyoandikwa ni jambo la aina hiyo. Haimaanishi kwamba kila dai litakataliwa, lakini humpa anayetafuta sababu ya kutolipa sababu anayoitafuta. Na si lazima mwenye gari awe alijua. Atajikuta akibishana juu ya kile alichopaswa kujua, gari likiwa limeungua na mkopo ukiendelea kukatwa.

Upande wa jinai ni mzito zaidi ingawa huwafika wachache. Kifungu cha 322 cha Kanuni za Adhabu huharamisha kupokea au kuhifadhi mali ya wizi, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 14. Upande wa mashtaka sharti uonyeshe kwamba mshtakiwa alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali hiyo iliibwa. Mnunuzi asiyejua ana utetezi. Lakini utetezi hutolewa mahakamani, baada ya gari kuzuiliwa kituoni kama kielelezo, na kila aliyewahi kupita karibu na kituo cha polisi ameyaona magari ya vielelezo yakiota nyasi madirishani.

Pana pia balaa ambalo halizungumzwi sana. Magari mengi hununuliwa kwa mkopo na huwa yameandikwa kwa majina mawili, la mwenyewe na la mkopeshaji. Ikiwa injini imeng'olewa kwenye gari la aina hiyo na kuuzwa, mkopeshaji anaweza kuidai. Anayeinunua kwa nia njema huenda asijue kamwe kwamba ametia kwenye gari lake sehemu ya dhamana ya mtu mwingine.

Kuna wale husema haya yote ni kelele za urasimu. Injini ni kipuri kama kipuri kingine, husema, na hakuna anayesajili rejeta au giaboksi. Hoja hiyo ina uzito, na mfano wa Japani unaiunga mkono. Mwandishi huyu hata hivyo haikubali kwa hali ya Kenya. Nchi ambamo magari huibwa ili yachinjwe na kuuzwa vipande vipande ina sababu nzuri ya kufuatilia kipande kilicho ghali kuliko vyote. Kinachostahili kulaumiwa ni kwamba tumeweka sharti la kufuatilia kisha tukamwachia mtu asiye na uwezo wa kufuatilia.

Turudi kwa mnunuzi. Sheria haijamwacha uchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, katika kifungu cha 14, huchukulia kwamba muuzaji ana haki ya kuuza anachokiuza. Kifungu cha 15 hutaka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Gari lililotangazwa kuwa la cc 1998 na kukutwa la cc 1794 halilingani na maelezo yake, awe muuzaji alijua au hakujua. Neno "nilinunua likiwa hivyo" halimwondolei dhima, ingawa humpunguzia lawama.

Aliyenunua kutoka kwa yadi au mfanyabiashara mwingine wa magari ana ngao ya pili, nayo ni Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, iliyofuata kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010. Sheria hiyo hukataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na humruhusu mnunuzi kuuvunja mkataba akitoa notisi katika muda wa mwaka mmoja. Aliyenunua kutoka kwa mtu binafsi hana ngao hii, na watu wengi wananunua hivyo kwa kuwa bei ni nafuu.

Kwa wenye madai ya kiasi kisichozidi Sh1 milioni, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Hapo mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na kesi hutakiwa kuamuliwa katika siku 60. Kwa magari mengi ya mitumba, huko ndiko pa kwenda.

Ila mkataba usome. Wauzaji wengi huongeza sentensi kwamba gari limeuzwa lilivyo na mahali lilipo, baada ya mnunuzi kulikagua na kuridhika. Sentensi hiyo haihalalishi mali ya wizi, lakini humpa muuzaji kichaka cha kujificha panapotokea ubishi kuhusu hali na ubora wa gari. Mnunuzi anayeitia sahihi bila kuongeza sentensi yake mwenyewe amejifunga mkono mmoja.

Sentensi ya kuongeza ni fupi: nambari za chesisi na injini zilizosomwa kwenye gari lenyewe mbele ya wote wawili, pamoja na tamko la muuzaji kwamba injini iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti. Atakayekataa kulitia sahihi tamko hilo amekwisha kukujibu.

Kabla ya kufika hapo, kazi ya kwanza ni ya mikono. Nenda na makanika wako, si wa muuzaji, na nenda mchana injini ikiwa baridi. Kibati cha aluminiamu kilichobandikwa kwenye ukuta kati ya injini na abiria hutaja nambari ya chesisi, aina ya injini na, kwa magari mengi ya Japani, ujazo wake. Nambari ya injini yenyewe huchapwa pahali bapa kwenye bloku, aghalabu karibu na inapoungana na giaboksi. Si rahisi kuifikia. Kitambaa, mafuta ya dizeli kidogo ya kupangusia, tochi na simu ya kupiga picha vyatosha. Muuzaji anayesema nambari za modeli hiyo hazionekani anakudharau.

Fahamu pia kwamba nambari imo kwenye bloku. Silinda hedi ikibadilishwa, nambari haibadiliki. Bloku ikibadilishwa, injini ni nyingine mbele ya sheria hata kama kila kitu kingine ni kile cha zamani. Anayekwambia alipiga ovahoo tu huku nambari ikiwa tofauti anasema nusu ya kweli.

Maunti zilizochomelewa, nyaya zilizoungwa kwa utepe mweusi, taa ya onyo la injini isiyowaka hata ufunguo unapofunguliwa mara ya kwanza, kisanduku cha kompyuta kilichoning'inia: hizi ni dalili kwamba injini ni mgeni. Na ikiwa iliyotiwa ina nguvu kuliko ya awali, uliza kuhusu breki, kwani zile za gari dogo hazikukusudiwa kuizuia.

Kazi ya pili ni ya rekodi. Kwa ada ndogo, NTSA hutoa nakala ya maelezo ya gari lolote kupitia mtandao: mwenye gari, chesisi, injini, na ikiwa kuna mkopeshaji mwenye dai. Ichukue wewe mwenyewe siku ile ile ya kununua. Usipokee iliyochapwa na muuzaji. Linganisha vitu vitatu: rekodi, kibati na chuma.

Vikitofautiana na gari bado unalitaka, lipo jambo moja ambalo wengi hulifanya kinyumenyume. Hulipa pesa zote, hupokea gari, kisha huanza kutafuta namna ya kusajili injini. Ombi la kubadilisha maelezo hutolewa na aliyeandikishwa. Kabla ya uhamishaji, huyo ni muuzaji, na ndiye anayeweza kumrudia aliyemuuzia injini. Baada ya uhamishaji ni wewe, na yeye hana tena sababu ya kupokea simu yako. Mwache afanye kazi hiyo kwanza, au shikilia sehemu ya bei kwa wakili hadi cheti kipya kitoke. Dalali atakuhimiza kwamba kuna mtu mwingine anakuja na pesa jioni. Mwache aje.

Lakini si haki kumtwika mnunuzi kila kitu, na hapa ndipo serikali ina deni. NTSA na KRA zingeweza kukubaliana kwamba kila injini iliyotumika inayoingia nchini iandikwe nambari yake bandarini, na kwamba muuzaji aiandike kwenye stakabadhi. Mwenye gari angetosheka kuitaja nambari hiyo, na mamlaka ingeitazama kwenye rekodi zake yenyewe badala ya kumtuma mwananchi kutafuta hati ya forodha kwa mtu asiyemjua. Uhamishaji nao ungeweza kuambatanishwa na picha ya nambari ya bloku. Simu zile zile zinazotumiwa kukubali ombi zina kamera.

Panahitajika pia msamaha wa muda. Maelfu ya wenye magari hawajitokezi kwa kuwa hawana stakabadhi na wanaogopa kuulizwa. Wangepewa, tuseme, mwaka mmoja wa kuleta magari yao, nambari zipitishwe kwenye orodha ya magari yaliyoibwa, na zisizo na doa zisajiliwe kwa kiapo. Wafanyabiashara wa injini watalalamika kwamba kazi imeongezeka. Watakuwa wakisema kweli, lakini ndio pekee katika mnyororo huu wanaojua injini ilitoka kwenye kontena gani.

Mwalimu mstaafu aliufuata mnyororo huo kadiri alivyoweza. Aliyemuuzia alimpa nambari ya simu ya aliyemtangulia, naye akamwelekeza kwa makanika mmoja wa Grogan. Makanika aliikumbuka Premio hiyo, akakumbuka hata rangi ya nosikati iliyotoa injini. Duka alikoinunua, alisema, lilifungwa, na mwenyewe alirudi mashambani. Hadi tunapoandika haya, gari lina bima ya kuwafidia watu wengine pekee, ambayo haikuhitaji mthamini, na mwalimu ameandika barua ya pili ya kudai sehemu ya pesa zake.